Ukuta Ndani ya Mstari

Kiti kilikwama tena kwenye kona. Kilikuwa kiti cha magurudumu cha kadibodi, kidogo kama kiberiti, na magurudumu yake yalikuwa vifungo vya shati. Lakini fundi cherehani alikitazama kana kwamba baba yake mzazi ndiye aliyenaswa humo. Kesho asubuhi mwashi angeinua kuta za korido ya kwenda chumba kipya cha mzee, ambaye sasa alitembelea kiti kama hicho. Kama kiti hakipiti, mzee angetolewa hospitali na kupelekwa moja kwa moja kwa kaka yake fundi, mji wa mbali, na nyumba aliyoijenga mwenyewe angebaki kuiulizia kwa simu.

Michoro ya mwashi haikumwingia akilini. Ndiyo maana alikuwa ameamua kuiunda nyumba kwa udogo, sentimita moja kwa kila ishirini, akifundishwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye huunda mabehewa ya treni kwa makopo na maboksi bila kununua hata kipande kimoja kilicho tayari.

"Shemeji, usikikandamize kisu," kijana huyo alikuwa akimwambia fundi tangu siku ya kwanza. "Kipitishe taratibu, urudie. Unakata kama unagombana na mtu."

"Nagombana na wewe."

Sasa fundi hakuwa na hamu ya utani. "Basi. Acha nimpigie kaka."

"Ngoja kwanza. Korido umeipima?"

"Si nimeipima kwenye mchoro!"

"Nauliza hii uliyoijenga."

Aliweka rula. Palipotakiwa kuwa na sentimita tano palikuwa na nne na kitu.

"Kuna mtu ameila!"

"Umeila wewe. Kuta umezibandika upande gani wa mstari?"

"Ndani. Kwani mshono hauingii ndani?"

Shemeji alicheka hadi akaegemea meza. Naye fundi, polepole, akaelewa. Miaka yote alikuwa akikunja ziada na kuificha ndani ya nguo, na kitambaa hakikuwahi kumdai nafasi. Kadibodi ina unene. Na unene wa kuta mbili, ukirudishwa kwenye ukubwa wa nyumba yenyewe, ulizidi upana wa kiganja.

Alizibandua kuta kwa ncha ya wembe, akazipaka gundi upya, akazisimamisha nje ya mstari na kuzishikilia mpaka zikatulia. Kisha akakisukuma kiti kwa kidole. Kikafika kwenye kona, kikageuka, kikapita bila kugusa upande wowote. Akakirudisha, akakipitisha tena, na tena.

"Utamchosha mzee," shemeji alisema.

Akakaa sakafuni, katikati ya vipande alivyoviharibu, akapiga simu hospitali.

"Baba, unarudi nyumbani. Kona unaipita."

"Nani kasema?"

"Nimekupitisha mwenyewe, sasa hivi."

Sauti ya mzee ikawa nyepesi. "Na sikugonga mahali?"

"Hata ukutani hukugusa, baba."