Jino la Bi Mwanamkasi

Bi Mwanamkasi alilitazama jino lake jipya kwenye kioo, kisha akajifunika mdomo kwa upindo wa leso.

"Mwanangu, hili jino la nani? Jeupe kama sahani!"

Daktari Mwanatabu alinywea. Alikuwa amejigamba Likoni nzima kwamba tangu afungue kliniki yake, hakuna tena haja ya kuvuka feri kwa ajili ya jino. Sasa bibi huyu, kiongozi wa nyimbo za vugo za harusini, ambaye harusi ya mjukuu wake ilikuwa imekaribia, alikuwa hataki hata kufungua kinywa. Angeimbaje?

Kosa lilikuwa la Mwanatabu. Alimpiga picha kwa simu, taa ya simu ikayang'arisha meno yaliyokula tambuu miaka na miaka, na fundi wa meno ya bandia kule Nyali akafuata alichoonyeshwa.

"Nikupige nyingine, bibi. Kwa kamera hasa."

"Meno tu, basi. Ile simu yako ilinichukua uso mzima. Uso wangu hauendi Nyali kwa watu nisiowajua, wallahi."

Katika duka la kamera, Mwangi, muuzaji aliyezoea wapiga picha za harusi, alimpa lenzi fupi. Mwanatabu akatoa mkobani meno ya plasta, akapachika jino la sampuli la kulinganishia, lenye rangi iliyokolea, akayaweka juu ya kaunta bila haya. Lenzi fupi ilimlazimu asogee karibu hadi kamera ikayatia meno kivuli. Akajaribu ndefu, ya kupigia vitu vidogo. Hiyo alisimama nayo mbali kidogo, na meno yakaijaza picha yote, pua haina pa kukaa.

"Na taa ya duara," Mwangi alisifia. "Maharusi wanaipenda sana."

Ilimng'arishia jino katikati kama simu ile ile. Akachagua taa mbili ndogo, moja kila upande, na hapo ndipo jino lilipoonyesha mbinuko wake na rangi yake.

"Vyombo vyote hivi kwa jino moja, daktari?"

"Jino la Bi Mwanamkasi," alijibu, na akashangaa kwamba kuna mtu Mombasa hii asiyemjua.

Picha ilipopigwa kliniki, jino la sampuli likiwa kando ya yale ya kweli, bibi aliikagua kwa muda mrefu. "Hapa hata marehemu mume wangu asingenitambua," akasema, akaridhika.

Jino la pili lilikuja na umanjano wake na ufa mwembamba wa hudhurungi. Mwanatabu alilipachika, akajikuta hajui tena lipi ni lipi. Moyo ulimjaa fahari.

Bibi aliiacha leso ikaanguka begani. Akalijaribu jino kwa ubeti mmoja wa vugo, na wanawake waliokuwa wakingoja nje wakamwitikia kwa vigelegele.

"Mwanatabu!"

"Abee, bibi."

"Lete kamera yako. Nipige uso mzima, upeleke Nyali. Wamjue mwenye jino."

Lenzi ile ndefu ilitaka nafasi. Mwanatabu alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka akatoka mlangoni akasimama katikati ya wagonjwa, akicheka, machozi yakimlenga, na bibi kule ndani akatabasamu kwa meno yote.