Sentensi Aliyoikataa Serah

Jumapili hiyo Serah alisimama mimbarini kando ya mhubiri mgeni kutoka Amerika, akitafsiri. Ndiyo kazi yake katika kanisa hili la Wakenya wa ughaibuni, mtaani Thamesmead: mgeni anasema kwa Kiingereza, naye anawageuzia Kiswahili kina mama wazee waliokuja kulea wajukuu. Siku sita nesi, ya saba mkalimani. Miaka kumi sasa, na hajawahi kuruka hata neno.

Mhubiri alianza na Mungu, mara akaingia mahakamani. Majaji wa jimbo lake, alisema, wameifuta sheria iliyokataza bunduki kanisani. Serah akatafsiri.

"Kupitia majaji hao," mhubiri akasema, "Mungu mwenyewe amenena."

Sentensi hiyo Serah hakuitafsiri.

Kanisa zima lilijua kwa nini, isipokuwa mgeni. Njenga, mwanawe wa pekee, alienda Amerika kusoma, jimbo jingine, akapigwa risasi akiwa ameketi ibadani, Biblia mapajani, na mtu aliyeingia na bunduki yake kwa ruhusa ya sheria. Mchungaji Zephaniah wa kanisa hili ndiye aliyemzika. Na ni huyo huyo aliyemwalika mhubiri, eti atawajengea kanisa.

"Mama Njenga," Mchungaji akamnong'oneza, "wewe tafsiri tu. Maneno si yako."

"Maneno si yangu, lakini mdomo ni wangu." Hilo alilisema kwenye maiki.

Mchungaji akanyoosha mkono aichukue. Hebu niambie, mwanamke aliyeinua wagonjwa miaka ishirini, nani atampokonya kitu? Serah hakuiachia.

Mama Dinah, bibi wa safu ya mbele, akauliza, "Kwani amesema nini?"

"Amesema ni Mungu anayetaka bunduki ziingie kanisani. Mimi nakataa. Waliosema hivyo ni majaji, na majaji ni watu. Mwanangu Njenga aliuawa kanisani, na Mungu hakutaka."

Mama Dinah hakusema amina. Alisimama, akakaza leso yake kiunoni, akabaki wima. Wengine wakasimama, mmoja mmoja, hadi viti vikabaki vitupu.

Mgeni akageuka, tabasamu limemwishia, akauliza huyu dada amesema nini. Mchungaji akatazama viatu vyake.

Kazi ni kazi. Serah akamgeukia mgeni, akamtafsiria yote kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, na jina la Njenga akalitaja mara mbili.