Uzi wa Kijani

Watu wakisikia kwamba nililelewa katika kituo cha watoto, huinamisha vichwa kana kwamba nimewapa habari za msiba. Huruma hiyo hunikera. Tulikula, tulicheka, tulichapana, na kila Jumamosi tulifua nguo hadi vidole vikanywea. Harufu ya sabuni ya mche bado hunirudisha kule, na nikirudi, wa kwanza kumwona ni Sista Uzi.

Jina lake halisi lilitushinda kulitamka. Alikuwa mtawa mmisionari, mrefu, miwani imemteremkia puani, aliyetumwa kwetu kwa miaka miwili akakaa thelathini na minne. Mtoto akiingia kituoni, kabla hata ya kuoga, Sista alimpeleka kwenye boksi la nyuzi achague rangi. Kisha alishona msalaba mdogo wa rangi hiyo ndani ya ukosi wa kila shati na kiunoni mwa kila kaptura aliyompa.

"Chenye uzi wako ni chako," alikuwa akisema. "Hata mimi sikichukui bila ruhusa yako."

Na hakuwa akitania. Niliwahi kumwona akimwomba mtoto wa miaka mitano aazimishe sweta lake kwa mgonjwa. Mtoto akakataa katakata. Sista akaenda chumbani kwake, akaleta shali lake mwenyewe. Kwetu sisi tuliofika mikono mitupu, hilo halikuwa jambo dogo.

Mimi nilichagua kijani. Nilikuwa na miaka minane, na mgongoni nilimbeba mdogo wangu wa mwaka mmoja, mnene hadi kituo kizima kikamwita Bonge. Yeye alinyakua uzi mwekundu akautia mdomoni, basi ukawa wake. Mama alikuwa amefariki mwezi huohuo, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa fupi: mshike mdogo wako.

Mwaka uliofuata wakaja mwalimu mmoja na mkewe. Walikuwa hawajajaliwa mtoto, na ningependa kuwasema vibaya lakini sina la kusema. Walikuja Jumapili nne mfululizo, na ile ya nne Bonge alilala usingizi mzito mapajani mwa yule mama. Siku tatu baadaye Sista aliniita chumba cha kushonea.

"Watamchukua Jumamosi," akaniambia. "Uwezo wao ni wa mtoto mmoja tu. Ni watu wema."

"Na mimi?"

"Utakuwa unakwenda kumwona."

"Sawa, Sista," nikasema, nikatoka na hasira yangu.

Jumamosi mchana, watoto walipolazwa baada ya chakula, niliingia chumba cha kushonea. Nguo za Bonge zilikuwa zimekunjwa kwenye kapu: mashati sita, kaptura nne, sweta moja. Nikafumua misalaba yote myekundu, nikaanza kutia ya kijani. Sikuwa nimewahi kushika sindano. Nilijichoma, nikanyonya kidole, nikaendelea. Nilipofika kaptura ya mwisho nikasikia viatu vya Sista kwenye korido, nikashona harakaharaka bila kuangalia ninachokishona.

Saa tisa mwalimu na mkewe wakafika. Yule mama akamketisha Bonge mezani ili ambadilishe nguo. Mguu wa kulia ukapita. Wa kushoto ukagoma. Akasukuma, Bonge akacheka, akasukuma tena.

"Sista, mbona kaptura hii imezibwa?"

Nilikuwa nimeushona mguu mzima kwa uzi wa kijani. Sista akaweka miwani sawa, akatazama. Akachukua shati kapuni, akageuza ukosi. Akachukua la pili, na la tatu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Nguo zote?"

"Zote. Yeye mwenyewe ndiye sikuweza kumshona, angelia." "Ulisema chenye uzi wangu ni changu. Na hujaniomba ruhusa."

Sista Uzi, na urefu wake wote, akapiga magoti hadi macho yetu yakalingana.

"Ni kweli, sikukuomba," akasema. "Nakuomba sasa. Unaniruhusu?"

"Hapana."

Kisha akasimama, akawageukia wageni, akawaomba radhi. Yule mama alimbusu Bonge utosini, akaondoka bila kugeuka nyuma. Mgongo wake ninauona hadi leo.

Tukakulia hapohapo wote wawili. Mimi nikawa fundi cherehani, Bonge akawa dereva wa gari la wagonjwa, ana watoto watatu. Lakini kila nilipomwona amewabeba wanawe, jambo moja lilinisumbua: huenda mdogo wangu angekuwa na baba na mama, nami ndiye niliyemnyima. Yeye alikijua kisa cha kaptura, kituo kizima kilikisimulia, lakini hakuwahi kuniuliza. Mimi sikuwahi kuthubutu.

Mwezi uliopita tulikwenda kumwona Sista katika nyumba ya masista wazee. Muuguzi alitutahadharisha mlangoni kwamba Sista hamtambui mtu tena. Kweli, tulimsalimia, akatuitikia kwa adabu kama wapita njia. Nikainama kumfunika miguu blanketi. Mkono wake ukapanda shingoni mwangu, ukageuza ukosi wa blauzi. Mimi bado natia ule msalaba katika kila nguo ninayovaa. Akausogelea kwa macho, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Kijani," akasema. Kisha, taratibu, "Yule mdogo wako. Nilikuomba ruhusa?"

"Uliniomba, Sista."

"Ukasemaje?"

Bonge alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nilikataa."

Nilihisi mkono mzito ukinishika bega, nikamsikia mdogo wangu akisema juu ya kichwa changu, "Alikataa, Sista. Asante kwa kumsikiliza."