Moto wa Kuaga Umaskini

Gari lilipokuja kijijini Kizuka kuichukua mashine mpya ya mawese, Amuri alimvunja mtu pua kabla hata hajauliza limetumwa na nani. Hakuwa mgomvi. Alikuwa mkamuaji wa mawese, mtu wa kuinama na kusukuma, na mkewe Batuli alizoea kumwambia kwamba hata kuku wake wanamdharau. Lakini asubuhi hiyo aliwaona walinzi wa mradi wakiifunga kamba mashine aliyoipigia makofi juzi tu, na damu ikampanda kichwani.

Juzi yenyewe ilikuwa sikukuu. Serikali imeleta maendeleo, waliambiwa, na mwenye maendeleo hafugi takataka. Basi kila mwenye presi ya mbao ya kukamulia aliibeba mwenyewe mpaka uwanjani. Zikarundikwa, zikamwagiwa petroli, na mkubwa wa mradi, bwana mmoja aitwaye Melkiades, akawasha kiberiti mbele ya kamera. Moto huo waliupa jina, moto wa kuaga umaskini. Petroli, jamani, wakati mabasi ya Bujumbura yanalala kwenye foleni kwa kuikosa. Amuri alipeleka presi aliyochongewa na baba yake, marehemu mzee Mulamba, aliyevuka ziwa kutoka Congo na shoka lake. Aliitupa motoni huku anacheka. Kisha injini ya mashine ikawashwa, ikanguruma, watu wakashangilia, ikazimwa. Hakuna aliyetia ndani hata chikichi moja. Mjinga ndiye aliwaye, na siku hiyo Kizuka nzima ililiwa.

Sasa mikungu ya chikichi imerundikana nyuma ya kila nyumba, inaanza kuoza, na mashine inapakiwa garini.

"Munaipeleka wapi?" Amuri alimuuliza yule mlinzi aliyevunjwa pua, akiwa amemkaba shingo.

"Inaenda kuzinduliwa kwingine. Yenu itakuja."

"Yetu iko hii."

Jibu lilikuwa rungu la mgongo. Hapo kijiji kizima kikaingia. Wanawake waliokota mawe, wanaume wakatoa mipini ya majembe, kioo cha mbele kikapasuka na dereva akapiga kelele kama mbuzi. Katika vurugu hiyo Amuri alipanda garini. Alikuwa ameichungulia mashine ile kila upande kama bwana harusi, akajua kwamba skrubu kubwa ya kukamulia, nzito na ndefu kama mkono, inashikwa na pini moja tu. Aliing'oa pini kwa meno ya koleo lililokuwa garini, akaichomoa skrubu. Mlinzi akamwona, akashusha rungu, na vidole vya mkono wa kushoto vikavunjika. Hakuiachia skrubu. Alianguka nayo mtaroni, gari likaondoka mbio likifukuzwa na mawe.

Batuli alimfunga vidole kwa kitambaa cha kanga. "Sasa umepata chuma," alisema. "Tukipike?"

"Bila hiki, mashine yao ni debe tupu. Itabidi barudi kuniomba."

Aliamini hivyo kwa moyo wote, maskini. Hakuna aliyerudi. Kesho yake wachuuzi wa samaki walileta habari kutoka soko la Rumonge kwamba mashine inazinduliwa alasiri hiyohiyo kusini, kwenye barabara ya Nyanza-Lac, katika kijiji alikoolewa dada yake Hadjara. Amuri akasimama. Mzee Mulamba alichonga presi mbili katika uzee wake, moja ya mwanawe na moja ya binti yake. Ya mwana ilikuwa majivu. Ilibaki ile ya Hadjara, na hakuna mwingine aliyejua kuchonga kama yule mzee. Alitia skrubu katika gunia, akaenda kwa miguu.

Aliisikia mashine kabla hajauona uwanja. Ilikuwa inanguruma. Haikuwa na utumbo, na bado ilinguruma vilevile, na watu walishangilia vilevile. Vidole vyake vilivunjwa kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyegundua kwamba hakipo.

Mbele ya jukwaa zilirundikwa presi za kijiji, zimelowa petroli. Juu kabisa ilikaa ya Hadjara. Shemeji yake, Zakaria, mumewe Hadjara, alisimama kando yake amevaa kanzu safi, kwa kuwa ndiye aliyeibeba.

Amuri alipenya katikati ya watu, akatoa skrubu guniani, akaiinua juu.

"Musichome," alisema. "Ile mashine iko bule. Tumbo lake ni hili hapa, minalo mimi. Kwetu balifanya hivihivi, kisha baliibeba. Shemeji, shusha presi ya baba."

Melkiades, aliyesimama jukwaani, hakupandisha hata sauti. "Ndiye huyu," alisema. "Niliwaambia Kizuka walitupiga mawe kwa wivu, wakaiba chuma. Mwizi amekuja mwenyewe."

Zakaria ndiye aliyepiga ngumi ya kwanza. Ilimpata Amuri mdomoni. Baada ya hiyo hakuhesabu tena. Walimpiga watu aliokula nao wali wa harusi ya dada yake, walimpiga kwa viatu na kwa vipande vya mbao walivyovuta kutoka rundo lenyewe, na mmoja akakanyaga vile vidole vilivyofungwa kanga. Kiberiti kikawashwa. Mtu akasema mwizi naye atupwe humo na takataka nyingine, na wakamburura kweli, mpaka mguu wake ukaingia motoni na ngozi ikatoa sauti. Hadjara alimlalia kaka yake juu, akapigwa yeye pia, ndipo wakaacha. Kutoka chini ya kifua cha dada yake Amuri aliiona presi ya baba ikishika moto. Alilia kwa sauti, bila haya.

Zakaria aliokota skrubu, akaifuta kwa kanzu yake, akampelekea Melkiades kwa mikono miwili. Walipigwa picha wakishikana mikono.

Gari lilikuja kuichukua mashine keshoye, mapema. Zakaria alikimbia nyuma yake akiita, akadaka ubao wa nyuma, akaning'inia. Mlinzi mwenye pua iliyovimba alimkanyaga vidole kimoja kimoja, bila haraka. Alipoanguka, lami ilimchuna uso na kifua, na kanzu ikabaki matambara.

Hadjara aliwalaza wote wawili jikoni, kila mmoja na mkeka wake, akawa anawapangusa kwa maji ya chumvi yaleyale. Kwa mumewe alikaza mkono. Nje mikungu ya chikichi ilikuwa inanuka.

"Banaipeleka Kabonga," Zakaria alisema. Midomo yake haikufunga vizuri. "Kule iko watu bangu. Minaenda kubaambia basichome."

Alijaribu kuinuka, akashika ukuta. Amuri alimtazama kwa jicho lililobaki wazi. Alimchukia, na alitaka afike.

"Enda, shemeji," alisema. "Lakini usibebe kitu mukononi. Na usisimame karibu na moto."