Baba wa Jasho

Kinyozi wetu alikuwa na majibu mengi kuliko maswali yaliyopo. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajakufunga shuka shingoni ameshakueleza neno fulani limetoka wapi. Sisi wateja tulimwita Profesa, naye hakuwahi kuhisi kwamba tunamtania.

Mchana mmoja nilikuwa kwenye benchi nasubiri zamu, yeye akimnyoa bwana mmoja mgeni, mpole, aliyekuwa ameshika miwani yake mapajani. Mashine ilikuwa imeshapita upande wote wa kushoto. Wa kulia bado ulikuwa kichaka. Ndipo binti wa Profesa, wa darasa la nne, akaingia kutoka shule iliyo ng'ambo ya barabara, macho mekundu, daftari mkononi.

"Baba, umeniponza."

Profesa akasoma kwa sauti, nasi tukasikia. Swali: neno bahari lina asili gani? Jibu la mtoto: "Ni Ba-Hari, yaani baba wa hari. Hari ni jasho. Ndiyo maana maji yake yana chumvi." Pembeni, kwa wino mwekundu, kulikuwa na sifuri nono kama yai.

"Mwalimu gani huyu?" Profesa akafoka. "Aje hapa nimfundishe!"

Mtoto alikuwa anatazama kwenye kioo, ambako mteja alikuwa amejikunyata ndani ya shuka mpaka zikabaki pua na nywele nusu.

"Shikamoo, mwalimu," mtoto akasema.

"Marahaba," shuka likajibu.

Mashine ikazimwa. Nami nikaweka gazeti chini, maana hayo ya gazetini yangeweza kusubiri.

"Kumbe ni wewe," Profesa akasema taratibu.

"Ni mimi, mzee wangu. Nimehamia juzi tu."

"Basi rekebisha alama, nami nirekebishe upande wa kulia."

Mwalimu akavaa miwani, akajitazama. Saa nane alikuwa na kipindi, na darasani wanamsubiri watoto hamsini wasiojua huruma.

"Siwezi, mzee wangu. Neno limetoka Kiarabu, bahr, na maana ni hiyo hiyo, maji makubwa. Kwetu likaongezewa irabu, likazoea, likapata na kazi nyingine. Mtu msomi sana tunasema ni bahari ya elimu. Mashairi nayo yana bahari zake, yaani aina zake. Baba hayumo. Jasho halimo."

"Na hari yenyewe? Hiyo si yetu?"

"Nayo ni ya Kiarabu. Huko ni joto."

Profesa alijitupa kwenye benchi, nusura anikalie. Miaka kumi na miwili amewanyoa watu huku akiwasimulia baba wa jasho. Nadhani aliwaona wote wakimpita mbele ya macho, mmoja mmoja, wakimcheka.

Mkewe, fundi cherehani wa chumba cha pili, akachungulia na futi shingoni. "Mume wangu, mmalizie mwalimu wa watu! Akitoka hapo hivyo alivyo, nani atakaa tena kwenye kiti chako?"

Profesa hakuinuka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na kinyozi? Nalo limeletwa?"

"Hapana. Hilo ni letu kabisa. Linatokana na kunyoa."

Loo! Aliinuka kama mtu aliyerudishiwa shamba la babu yake. Akawasha mashine, akanyoosha upande wa kulia kwa adabu, akampangusa shingo, akampaka na mafuta ambayo hakuombwa. Mwalimu naye akaomba daftari, akafikiri kidogo, akaongeza alama moja.

"Ya nini?" mtoto akauliza.

"Ya chumvi. Hapo baba yako amesema kweli."

Alipoondoka, Profesa akainama mbele ya bintiye. "Mwanangu, nilikosea. Sikujua, nikajifanya najua."

Mkewe akaja mbio, akamwekea kiganja kwenye paji la uso aone kama ana homa.