TV Kumi na Moja Zinaitwa Sebule

"Umeiweka wapi?"

"Kwa TV yetu."

"TV yetu bado iko na ile muvi tulikuwa tunaona. Nakuuliza tena, umeiweka wapi?"

"Sijui. Wacha kelele."

"Kelele yangu ndio unaogopa saa hii, Wesonga?"

Dada yangu Nasike ako hivyo. Kila Jumapili baada ya kanisa anakuja kwangu Gatwekera kutoka Kabiro, tunaona muvi. Naitoa kwa simu narusha kwa TV. Watu wa hii ploti yote hufanya hivyo, na ni mimi niliwapitishia waya ya wai-fai juu ya mabati, nikawawekea kale kadude ka kuchomeka nyuma ya TV. Kila kadude hutaka jina. Ningeandika jina ya mwenye nyumba. Nilikuwa na haraka, nikaandika Sebule kwa zote kumi na moja, na hapa hakuna mtu ako na sebule, sisi wote ni chumba moja.

Yangu huwa ya kwanza kwa list. Nilifinya ya kwanza.

Shida ni chenye nilirusha. Haikuwa muvi, ilikuwa video ya sekunde arobaini. Jumatano asubuhi nilikuwa juu ya mabati narekodi nimtumie boss wangu Gikonyo aone waya inapita wapi. Naongea tu, hapa inashuka, hapa inakata kona. Na huko chini kwa video, karibu na kiatu yangu, Duncan anamwagia petroli kibanda ya Nereah, mama wa ploti yetu anauza chakula kwa kona. Anawasha. Anaondoka polepole kama mtu anaenda kununua maziwa. Mimi sikumwona. Niliona moshi, nikashuka nikabeba maji na wengine. Duncan pia alibeba maji. Jioni ndio niliangalia video nikaacha kula.

Duncan ni jirani yangu, tunagawana ukuta. Hiyo kona ya Nereah ameitaka tangu mwaka jana. Kuna kijana alimtaja Duncan kwa chifu siku moja, akavunjwa mguu, sasa anatembea na fimbo. Kwa hivyo nilinyamaza. Watu wakasema Nereah aliacha jiko ikiwaka, na yeye mwenyewe akaamini. Leo kanisani alienda mbele akapiga magoti akaomba watu msamaha, analia. Nilishindwa kuvumilia. Tukifika nyumbani nikamwambia Nasike. Akataka kuona, na kioo ya simu yangu ilipasuka jana, huwezi jua uso wa mtu. Akasema weka kwa TV.

Sasa iko kwa TV ya mtu.

Tulisikiza. Ukuta ya mabati haifichi kitu, lakini Jumapili kila nyumba iko na kelele yake: mtoto, redio, mtu anakaanga. Sauti yangu sikuisikia. Kwa simu niliona video inaisha, nikapumua.

Halafu ikarudi nyuma yenyewe.

"Nani anarudisha?" Nasike akauliza kwa sauti ya chini.

Mtu ako na rimoti. Ilirudi mpaka sekunde ya ishirini na mbili, ikasimama hapo. Hapo ndio Duncan anageuka, uso wote unaonekana. Nikafinya kuzima, simu ikakataa, kioo imekufa hapo pa kuzima. Nikafinya tena mpaka kidole ikauma.

Upande wa Duncan TV ikanyamaza. Kitanda ikalia. Mlango wake ukafunguka.

Nasike alichukua kisu ya kukata sukuma wiki. Mimi sikuchukua kitu. Mtu akagonga mara mbili, pole pole. Ningeacha, lakini mlango wangu hauna komeo, ukafunguka tu.

Alikuwa Nereah. Bado ako na nguo ya kanisa, na rimoti kwa mkono. Nyuma yake nikamwona Duncan amekaa kwa mlango wake anapiga viatu rangi. Hajui kitu. Bado.

"Hiyo sauti kwa TV yangu ni yako," Nereah akasema.

Nikamwomba aingie ndani kwanza. Nikamwambia aongee chini, tafadhali, chini kabisa. Hakuingia.

"Siku nne, Wesonga. Leo ulinishika mkono pale kanisani ukaniambia pole."

"Mathe, huyo ataniua."

"Na mimi nimepiga magoti mbele ya watu." Hakuwa analia. Ningependa angelia. "Huyo huyo alikuwa amekaa mbele. Alinipea kitambaa nipanguse macho."

Nasike akamwambia tungoje, twende kwa polisi sisi wote, kesho asubuhi, atamsindikiza. Nereah alimsikiza mpaka mwisho. Halafu akaniangalia mimi, kama anangoja niseme kitu.

Akageuka. Kutoka kwangu mpaka kwa Duncan ni hatua tano, na aliziendea na rimoti kwa mkono, bila haraka.