Kapsuli Kwenye Kikapu cha Akamwani

Kwanza niseme kwamba mimi si mjinga. Nalisema mapema kwa sababu sisi wauzaji wa virutubisho tukishaumbuka hupenda kujitetea kwamba nasi tulidanganywa. Mimi sikudanganywa na mtu. Kiingereza cha kwenye chupa nilikisoma mwenyewe, yale maandishi madogo ya chini yanayosema kwamba kilichomo hakikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Nilikisoma nikiwa ukumbini kwenye semina kule Bukoba, beji ikiwa kifuani, kisha nikapiga makofi pamoja na wenzangu.

Mkufunzi wetu alikuwa kijana nadhifu, mwenye viatu vilivyochongoka. Alituonya tusitamke kamwe neno dawa. Tuseme lishe, tuseme mwili unajijenga wenyewe. Mtu akiuliza kama kapsuli zitamponya presha, tusimjibu ndiyo wala hapana, tumsimulie habari ya mama mmoja aliyepona, basi. Akijiamulia mwenyewe kwamba ni dawa, sisi hatukusema kitu. Nilicheka kwa jinsi nilivyoona ni werevu, nikayaandika kwenye daftari.

Nikarudi Ihanda na katoni mbili. Mimi ni Joanitha, fundi cherehani, na ni mzee wa kanisa usharikani, kwa hiyo sikuhitaji kusema mengi. Watu wamenizoea nikiwasomea matangazo ya Jumapili, na mdomo uliowasomea matangazo hawaoni sababu ya kuutilia shaka. Tunalima maharage, ndizi na mapapai, parachichi zinaoza chini ya miti mpaka nguruwe wanazikinai, lakini walinunua kwangu unga wa majani uliosagwa huko mbali na kutiwa ndani ya kapsuli ya kijani. Niliwaona wapumbavu kidogo, na niliwapenda hivyohivyo.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba mimi mwenyewe nina presha. Kila mwezi nilikwenda kliniki Kayanga, nikachukua vidonge vyangu vya hospitali, nikavificha ndani ya boksi la nyuzi. Muuguzi wa kule aliniambia nisiviache hata siku moja na nisivichanganye na vitu vya kuuziwa mitaani. Nilimtii. Katika katoni zile mbili na nyingine zilizofuata, sikumeza kapsuli hata moja.

Sasa nimfikie Ma Stephania. Ni dada mkubwa wa mama yangu, anaishi Nyakatuntu, upande wa Kyerwa. Mama alipofariki nikiwa darasa la pili, ndiye aliyenichukua, akanilisha na kunisomesha mpaka cherehani nikaijua. Presha yake na yangu ni moja, tumeirithi. Nilipompelekea chupa ya kwanza aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, yeye mtu mzima, mbele yangu mimi aliyenilea na kunifulia nguo. Mwezi wa pili aliniambia kwa furaha kwamba ameacha kwenda zahanati. Kuna mwendo, foleni ni ndefu, na kapsuli za mwanawe zinamtosha. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga mkoba. Ningeweza kumwambia pale pale, tulikuwa wawili tu. Nilisema, "Vizuri, mama. Mwili ndio unaojua."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na maneno hayo tumboni. Nilijiambia nitamwambia mwezi ujao. Mwezi ujao ulipofika nilimkuta amenitunzia mkungu wa ndizi na kuku, na nikaona si siku nzuri.

Mwezi wa tano tangu chupa ya kwanza, alikuwa na ugeni mkubwa. Mjukuu wake Evelyn, aliyebaki mikononi mwake baada ya baba yake kufariki, alikuwa amepata mchumba kutoka Kituntu, na wakwe walikuwa wanakuja kujitambulisha. Ma Stephania ndiye mkuu wa nyumba ile. Mwanawe wa mwisho, Ainebyona, alikuwepo kwa ajili ya kusimama na kuketi kama wanaume wanavyofanya siku hizo, lakini kila neno lilipitia kwa bibi. Nilifika asubuhi nikasaidia kumenya ndizi. Nilimwona uso umevimba kidogo, na mara mbili alishika mlango kabla ya kutoka nje. Aliniambia ni furaha.

Wakwe walifika saa nane, watu tisa, wakiongozwa na baba wa kijana, Ta Mbonimpa, mzee mrefu, mpole, mwenye koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Tulisalimiana kwa mzunguko mzima, shikamoo zikapokelewa, wakaketi. Kisha ikaja akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na majani na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo kilichofunikwa. Ma Stephania alikifunua mbele ya wageni. Juu ya buni nyeusi zilikuwa zimepangwa kapsuli zangu za kijani, kama kumi na tano hivi. Chupa nzima ya nusu mwezi, ameimwaga kwa ajili ya wakwe.

"Hiki mwanangu huniletea kutoka Ihanda," alisema. "Ni kitu cha gharama. Nimeona nisiwape kahawa tupu watu wanaonichukulia mtoto wangu."

Wageni waliitikia kwa heshima. Sikujua niangalie wapi. Halafu akanigeukia, kikapu mkononi, kwa sababu kwetu mgeni hapewi kitu kabla aliyekileta hajakionja mbele yake. Pombe huonjwa, kahawa huonjwa. Ni adabu ya tangu zamani, ya kumwonyesha mgeni kwamba hakuna ubaya uliotiwa ndani. Na aliyeleta kapsuli alikuwa ni mimi.

Nilichukua moja. Nilimkumbuka muuguzi wa Kayanga, nikaogopa, niliona kabisa jinsi nilivyoogopa: moyo wangu mwenyewe niliuhurumia upesi sana. Nikaitia mdomoni, nikaisukuma chini ya ulimi, nikachukua na buni mbili nikatafuna kwa nguvu. Akamwani watu huikalisha shavuni muda mrefu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona sijameza. Nilipanga nitoke baada ya muda, kama ninayekwenda jikoni, niiteme kwenye migomba. Kikapu kikaanza kuzunguka. Ninasema haya yote ili mjue niliyewaonjea watu chakula ni mtu wa namna gani.

Kikapu kilipomfikia Ta Mbonimpa alikishika bila kuchukua. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona haya kuzungumzia mwili wake mbele ya wakwe, kama kitu hiki kinafaa na kwa sukari. Alisema yeye hujichoma sindano kila siku, mwaka wa sita sasa, na amechoka. Kabla sijafungua mdomo Ma Stephania alimjibu kwa fahari kwamba yeye alikuwa wa presha, wa vidonge kila siku, na sasa yapata miezi mitatu ameviacha na anatembea.

"Basi nami ningeziacha," alisema Ta Mbonimpa, akanitazama. "Waitu, tafadhali mama, naweza?"

Kapsuli ilikuwa imeanza kuyeyuka. Uchungu wa majani mabichi ulinijaa mdomo mzima, mate yakawa mengi, nami natakiwa kusema. Mkufunzi alinifundisha la kujibu, nisimulie habari ya mama aliyepona, na mama mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo. Nikamwona akilini yule mzee amerudi Kituntu na kuzitupa sindano zake, kisha Evelyn akiolewa kwenye nyumba yenye matanga. Nilimeza ule uchungu wote.

"Usiache, baba," nikasema. "Za hospitali usiziache hata siku moja. Hizi si dawa."

Mzee mmoja aliyekwisha kumeza alishika koo. Ta Mbonimpa alirudisha kikapu kwenye mkeka polepole, akamtazama Ma Stephania, halafu akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliuliza.

"Na mama huyu, naye ulimwambia hivyo?"

Hapo ndipo penyewe. Sikutakiwa kueleza lolote, ilikuwa ni kusema hapana. Niliwaona wakwe tisa, nikamwona Evelyn ameinamisha kichwa chini ya kanga mpya, nikamwona na mke wa mwinjilisti aliyekuja na wageni, ambaye angelifikisha jambo hili kila usharika kabla ya Jumapili. Nilifungua mdomo, na mdomo ulikuwa wa kijani. Nilijua kwa sababu niliona matone ya mate ya kijani kwenye kiganja changu nilipojifuta.

Ma Stephania alicheka, kicheko cha kizee ambacho sikuwahi kumsikia nacho.

"Aliniambia," akasema. "Mara nyingi. Mimi ndiye sisikii. Uzee huu, baba, unaambiwa hivi unashika vile."

Wageni wakacheka naye, wakishusha pumzi. Mtu mmoja akasema hata mama yake nyumbani yuko hivyo hivyo, anatafuta miwani ikiwa usoni. Nami nilitikisa kichwa, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kama mtu ambaye kweli amesema mara nyingi na amechoka kusema.

Tangu wakati huo hawakumuuliza tena kitu. Walipofika kwenye siku ya mahari walimgeukia Ainebyona. Walipofika kwenye idadi ya watu na mahali pa kukaa walimgeukia Ainebyona, ambaye alikuwa anajibu huku akimwangalia mama yake, na mama yake alikuwa anaangalia mkeka. Mara moja alianza kusema jambo kuhusu Evelyn kumaliza masomo yake kwanza, na Ta Mbonimpa akamjibu kwa upole, "Sawa, bibi, sawa," kama anavyojibiwa mtoto, wakaendelea. Jambo lile la masomo halikurudi tena. Mama aliyenilea alikuwa ameongoza ukoo ule miaka thelathini, na nilimwona akiondolewa kwenye kiti chake kwa adabu kubwa, mchana kweupe, wakati mimi nagawa vikombe vya chai.

Kesho yake asubuhi nilimpandisha bodaboda, mimi nyuma yake, nikampeleka zahanati. Muuguzi, msichana mwenye umri wa Evelyn, alimfunga kile kitambaa cha kipimo, akapima, akafungua, akapima tena mkono wa pili. Uso wake ulibadilika. Aliangalia kadi, akahesabu miezi kwa vidole, akauliza kwa ukali nani alimwambia aache vidonge, maana kwa kipimo hicho angeweza kuanguka wakati wowote na asiamke. Benchi lote la wagonjwa lilikuwa linasikiliza.

Ma Stephania alianza, "Ni uzee tu, mwanangu..."

"Ni mimi," nikasema. Nilisimama kabisa. "Hakusahau kitu. Mimi ndiye ninayemuuzia kapsuli, aliponiambia ameacha vidonge nilimwambia vizuri. Na mimi mwenyewe nameza vya hospitali kila asubuhi."

Nakiri kwamba ndani yangu kulikuwa na raha, kama ya mtu aliyetua mzigo. Nilingoja muuguzi anitukane. Nilitaka anitukane. Yeye alinikazia macho kidogo, akaandika kitu kwenye kadi, akaenda dirishani kuchukua vidonge. Wagonjwa wa pale hawakunijua, na wawili walikuwa wamesharudi kwenye mazungumzo yao.

Ma Stephania alikuwa anashusha mkono wa gauni lake. Alifunga kifungo, akakikosa, akakifunga tena. Sijawahi kumwona akinitazama vile, hata nilipokuwa mtoto na nikamchomea moto nyumba ya kuku.

"Hayo ungeyasema jana," akasema.

Alipokea vidonge vyake kwa mikono miwili, akamwinamia yule msichana kidogo, akavifunga kwenye pindo la kanga. Nje alimwambia mwenye bodaboda ampeleke peke yake.